Huduma ya marejeo maktabani: nani anamjibu kijana, na anamjibu vipi?

Kila mwaka Baraza la Mitihani la Tanzania likishatangaza matokeo ya kidato cha nne, simu za vijana hazitulii. Mmoja anauliza kwenye kundi la WhatsApp kama HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) inaweza kumpeleka kwenye uanasheria, anajibiwa na mtu aliyemaliza shule zamani na hajui kilichobadilika. Mwaka 2024 swali hilo liliongezeka uzito. Serikali ilitangaza tahasusi mpya 49, yaani michepuo ya masomo ya kidato cha tano na sita, zikawa 65 badala ya 16 zilizozoeleka, na wahitimu wakaruhusiwa kurudi kwenye mfumo wa mtandaoni wa Selform kubadili machaguo yao. Wazazi waliozijua PCM, PCB, HKL na EGM walijikuta hawana la kuwaambia watoto wao. Wenye maduka ya steshenari ndio waliogeuka washauri, kwa kuwa wao ndio wenye kompyuta.

Katika pilikapilika zote hizo ni nadra kumsikia mtu akisema, "Nenda maktaba ya mkoa, kamuulize mkutubi." Wengi tunaijua maktaba kama ukumbi wa kimya wenye meza na feni, mahali pa kujisomea madaftari kwa sababu nyumbani kuna kelele. Matumizi hayo ni halali na yamewavusha wengi mitihani. Lakini maktaba ya umma ina kazi nyingine ambayo vijana hawaambiwi, nayo ni huduma ya marejeo. Naandika kuihusu kwa sababu naamini kijana wa leo hapungukiwi na majibu. Majibu yamemzidi. Anachokosa ni mtu mzima mwenye ujuzi wa kukaa naye dakika kumi wakalichambua swali lake.

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa. Vitabu vya marejeo ni kamusi, ensaiklopidia, atlasi, juzuu za sheria, ripoti za sensa na vitabu vya namna hiyo ambavyo mtu hasomi mwanzo hadi mwisho, anachungulia anachokitaka na kuvirudisha. Kwa kawaida havitoki nje ya maktaba. Huduma ya marejeo ni kazi ya mtu: mkutubi anapokea swali la msomaji, analielewa, anatafuta chanzo cha kuaminika, anamwonyesha msomaji, na anahakikisha kwamba kilichopatikana ndicho kilichotafutwa. Anayekuja kuazima anakuja na jina la kitabu. Anayekuja kwenye marejeo anakuja na swali, hata kama hajui kama kuna kitabu chochote kinacholijibu.

Kazi hii si ya juzi. Mwaka 1876 Samuel Green, mkutubi wa mji wa Worcester, Massachusetts, nchini Marekani, aliandika akiwahimiza wenzake wazungumze na wasomaji wa kawaida, wakiwemo mafundi na wanafunzi, badala ya kuwaacha wapambane peke yao na rafu. Kwetu, sheria ya mwaka 1963 iliunda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanganyika, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Bodi hiyo, ambayo leo ni Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ina maktaba mikoani na chuo chake cha ukutubi Bagamoyo. Kwa hiyo yule unayemwona kaunta akigonga mihuri ya tarehe huenda amesomea kabisa kazi ya kujibu maswali. Ni vile tu watu hawamuulizi.

Na kijana ni nani? Sera yetu ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 ilimtaja kuwa mwenye umri wa miaka 15 hadi 35. Shirikisho la kimataifa la maktaba, IFLA, katika miongozo yake ya huduma kwa vijana linazungumzia zaidi miaka 12 hadi 18. Tofauti hiyo ina matokeo yake hapo mlangoni. Binti wa miaka 14 ameshakua mno kwa sehemu ya watoto yenye viti vifupi na vitabu vya picha, lakini sehemu ya watu wazima anahisi ameingia ugenini, na mlinzi anamtazama kama mtu aliyekuja kupiga soga. Yuko katikati, na maktaba nyingi hazijaamua ni nani hasa anayewajibika kwake.

Maswali yake nayo ni ya aina mbili. Yapo aliyotumwa: mwalimu kampa kazi ya Jiografia au Historia, na yeye mwenyewe pengine hajalielewa swali alilopewa. Yapo aliyojituma: mwili wake unabadilika, anataka kujua mkopo wa chuo unapatikanaje, anataka kufuga kuku, anataka kujua kama mwajiri anaweza kumfukuza bila kumlipa. Swali la kutumwa analileta kwa sauti kubwa kwa kuwa halimhusu moyoni. Swali lake mwenyewe analificha ndani ya swali jingine, na hapo ndipo ujuzi wa mkutubi unapoonekana.

Fundi cherehani hakati kitambaa kabla ya kuchukua vipimo, hata mteja akisema anataka gauni "la kawaida tu". Mkutubi naye hana budi kuchukua vipimo vya swali, na mazungumzo ya kufanya hivyo huitwa mahojiano ya marejeo. Mwaka 1968 mtaalamu Robert Taylor alieleza kwamba haja ya mtu hupitia hatua nne: kwanza ni kitu anachokihisi bila kuwa na maneno ya kukisema, kisha kinakuwa wazo lisilotulia kichwani, kisha swali kamili, na mwisho linapunguzwa na kubanwa ili lifanane na kile anachodhani maktaba inacho. Mkutubi anasikia hiyo hatua ya nne tu. Kazi yake ni kurudi nyuma na msomaji, pole pole, hadi karibu na ile ya kwanza.

Tuchukue mfano. Binti wa miaka 16 anasogea kaunta.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu, karibu."

"Naomba kitabu cha sheria."

Mkutubi aliyechoka ataonyesha rafu kwa kidole na kusema, "Zipo kule." Binti ataenda, atakuta majuzuu mazito ya Kiingereza, atayatazama kidogo, ataondoka. Mkutubi anayeijua kazi atajibu: "Tunavyo kadhaa. Ungependa kujua nini hasa kwenye sheria?"

"Mambo ya ndoa."

"Sawa. Ndoa kufungwa, talaka, mali, umri wa kuolewa..."

"Huo umri."

Tazama kwamba hakuulizwa "kwa nini unataka kujua?" Swali hilo lingemfunga mdomo. Hakuambiwa pia kwamba mtoto wa shule hana haja na mambo ya ndoa. Aliwekewa milango minne mbele yake akachagua mmoja bila kulazimika kueleza habari za nyumbani kwao.

Sasa jibu lenyewe, maana hapa ndipo thamani ya huduma inapoonekana. Akiuliza mtandaoni huenda akajibiwa "miaka 18" na mmoja, na "miaka 15" na mwingine, na kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, na chini ya miaka 18 ikataka ridhaa ya wazazi. Hata miaka 14 iliwezekana kwa idhini ya mahakama. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri la Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu vile vya Sheria ya Ndoa vinakinzana na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Tena mwaka huohuo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa: anayemwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari anatenda kosa linaloweza kumpeleka jela miaka 30, na anayesaidia ndoa hiyo naye anatenda kosa.

Kwa hiyo jibu la binti yule linategemea sheria tatu na hukumu mbili, na jambo moja ambalo mtandao haukumuuliza: kama bado yuko shuleni. Mkutubi anamfungulia kurasa zinazohusika, anamwonyesha kwamba hukumu za mahakama zetu zinasomwa bure kwenye tovuti ya TanzLII, anamsaidia kuelewa lugha pale inapokuwa ngumu. Halafu anaishia hapo. Hamwambii "wewe kesi yako iko hivi". Anampa njia ya kuendelea: watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa chini ya sheria ya mwaka 2017, ofisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na simu ya msaada kwa mtoto, 116. Anaweza kuviandika kwenye kikaratasi bila kuuliza jina.

Mpaka huo wa mwisho unawasumbua wengi, hivyo tuuseme waziwazi. Huduma ya marejeo inatoa taarifa na chanzo chake. Haitoi uamuzi wa daktari, wa wakili wala wa mzazi. Kijana akiuliza kuhusu dalili za ugonjwa, mkutubi anampa chapisho la Wizara ya Afya au kitabu cha tiba kinachosomeka, na anamwelekeza kituo cha afya. Hamwambii ana ugonjwa gani. Akiuliza kuhusu mkopo wa elimu ya juu, anaonyeshwa mwongozo wa mwaka husika wa Bodi ya Mikopo, anaelezwa kwamba cheti cha kuzaliwa kinahitaji kuhakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na kwamba jambo hilo aanze nalo mapema. Fomu anaijaza mwenyewe. Kwa tahasusi na vyuo, anafunguliwa mwongozo wa udahili unaotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), au wa baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, kwa vyuo vya kati, anatazama kozi anayoitamani inadai ufaulu wa masomo yapi, kisha anarudi nyuma kwenye tahasusi. Mara nyingi kijana anaanza na tahasusi anayoisikia kwa marafiki na kutafuta kozi baadaye. Kumgeuzia mpangilio huo tu kunaweza kumwokoa miaka miwili.

Nirudi kwenye ile "shikamoo", kwa sababu naona hapo kuna kizuizi ambacho miongozo iliyoandikwa nje haikukifikiria. Kijana akishamwamkia mkutubi, amemweka kwenye nafasi ya mama, baba, dada au kaka yake. Heshima hiyo ni nzuri na sitaki iondoke. Lakini kijana wa kiume wa miaka 15 hawezi, baada ya "shikamoo mama", kuuliza kuhusu kondomu, na binti hawezi kumuuliza "baba" kuhusu hedhi inayochelewa. Ndiyo maana maktaba yenye busara inatoa njia ambazo hazipiti mdomoni. Sanduku la maswali ya maandishi karibu na mlango. Rafu ya vitabu na vipeperushi vya afya ya vijana iliyo mahali ambapo mtu anaweza kusoma akiwa amesimama, bila kuomba ufunguo kwa mtu yeyote. Namba ya simu ya kupokea ujumbe. Mkutubi kijana wa zamu fulani ya jioni. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohitaji bajeti kubwa.

Linafuata swali linalowatesa wazazi na vijana pia: je, mkutubi atasema? Kijana anaogopa jina lake kufika kwa mwalimu. Mzazi anaogopa kufichwa jambo kubwa. Maadili ya kazi ya ukutubi yanataka kile msomaji anachouliza na anachoazima kibaki siri. Zaidi ya hayo, tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika Mei 2023, taasisi inayokusanya majina na kumbukumbu za watu ina wajibu wa kuzilinda. Daftari la wageni lililofunguliwa mezani, ambapo kila anayeingia anasoma jina, shule na namba ya simu ya aliyemtangulia, ni jambo la kurekebishwa leo. Siri hiyo ina ukomo wake: mtoto akieleza kwamba anadhuriwa, mtu mzima yeyote anawajibika kutafuta msaada. Mkutubi mwema anamwambia hivyo kwa upole kabla mambo hayajafika mbali.

Maswali ya kutumwa, yaani kazi za shule, yana ubishi wake. Je, mkutubi ampe mwanafunzi jibu au amfundishe kulitafuta? Wapo wanaoshikilia kwamba kumpa jibu ni kumdekeza. Mimi nadhani inategemea, na siogopi kusema hivyo. Akiuliza idadi ya watu wa Tanzania kwa sensa ya 2022, mpe: ni 61,741,120. Usimpige chenga kwa jambo la sekunde tano. Lakini akiuliza kwa nini mkoa wa Dar es Salaam, wenye watu 5,383,728 kwa sensa hiyohiyo, umejaa kiasi hicho, hapo mkalishe, mfungulie ripoti za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, mwonyeshe jedwali lilipo na namna ya kulisoma, kisha mwache afikiri. Mwalimu alitaka afikiri, hakutaka namba. Walimu nao wangesaidia sana wakiijulisha maktaba mapema. Darasa zima la wanafunzi 60 likitumwa siku moja kutafuta kitabu kimoja, wa kwanza atakipata na wengine watanakili alichoandika yeye.

Je, intaneti na akili unde (AI) hazijamaliza kazi hii? Hoja hii nasikia ikirudiwa hata na watu wanaopanga bajeti, na inaleta madhara. Tangu programu ya akili unde ya ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma Novemba 2022, wakutubi wa nchi nyingi wamekuwa wakiletewa maombi ya vitabu na makala ambazo hazipo duniani. Programu hizo hutunga sentensi inayofanana na ukweli, na jina la kitabu ni sentensi fupi tu. Linaweza kutungwa pamoja na mwandishi, mwaka na mchapishaji. Kijana anayeletewa orodha ya vitabu vitano anaona imeandikwa vizuri, anaamini.

Hapa mkutubi ana zana rahisi. Kitabu kilichochapishwa rasmi huwa na namba ya ISBN, tarakimu 13 tangu mwaka 2007. Vingi vilivyochapishwa Tanzania, baada ya 978 vina 9976 au 9987. Vingi vya Kenya vina 9966. Orodha ikikupa kitabu kinachodaiwa kutoka kwa mchapishaji wa Dar es Salaam chenye namba inayoanza vingine kabisa, una sababu ya kusita na kuuliza zaidi. Unatazama katalogi ya maktaba, unatazama ya maktaba nyingine, unatafuta jina la mwandishi na kazi zake nyingine. Kijana akifanya zoezi hilo mara moja akiwa ameketi kando ya mkutubi, ataweza kulifanya peke yake kwenye simu yake. Simwambii aitupe simu. Namtaka ajue kuishuku inapostahili.

Kuna wanaosema vijana hawapendi maktaba, wanataka Wi-Fi tu. Waje wakati wa maandalizi ya mitihani waone viti vilivyojaa. Vijana wako ndani tayari, wameinamia madaftari, wakati mwingine saa nyingi bila mfanyakazi yeyote kuwasogelea na kuuliza, "Unapata unachotafuta?" Tatizo ni kwamba mfanyakazi mmoja analinda mabegi, anasajili wanachama, anarudisha vitabu rafuni na kunyamazisha wanaoongea. Huyo hana nafasi ya kukaa na mtu dakika kumi. Halmashauri na mikoa inapohesabu viti na vitabu, ihesabu pia saa ambazo kuna mtu aliyepangiwa kujibu maswali na si kitu kingine, hasa kuanzia saa tisa alasiri shule zinapofungwa na siku za Jumamosi.

Wewe kijana unayesoma hapa, ukienda, huhitaji kujua jina la kitabu. Sema unachotaka kujua, unakihitaji lini, na umeshatafuta wapi. Ukiona aibu, andika kwenye karatasi ukabidhi. Ukionyeshwa rafu kwa kidole na usipate kitu, rudi kaunta, useme, "Samahani dada, sijakiona nilichotafuta, naomba unisaidie." Hujamsumbua mtu. Na kama aliyepo kaunta ni mlinzi au msaidizi, muulize kwa adabu mkutubi anakuwepo saa ngapi, uje saa hiyo.